Mgonjwa Aliyepandikizwa Moyo Arudipo Nyumbani

Tarehe 16 Machi 1968, baada ya kulala hospitali kwa siku 74, Bwana Philip Blaiberg alitoka katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Afrika Kusini, akarudi nyumbani kwa mkewe. Alikuwa daktari wa meno mwenye umri wa miaka 58. Moyo uliokuwa ukipiga kifuani mwake ulikuwa wa kijana wa miaka 24, Clive Haupt, mfanyakazi wa kiwanda, ambaye siku ya Mwaka Mpya alianguka ghafla ufukweni kwa kuvuja damu kichwani, asiweze kuokolewa. Profesa Christiaan Barnard na wenzake walifanya upasuaji huo tarehe 2 Januari, na magazeti ya dunia nzima yakajaa habari za kisu cha profesa. Lakini lililotokea siku ile ya Machi halikuwa limepata kuonekana popote: mtu mwenye moyo wa mwenzake kuingia mlangoni pake, kuketi katika kiti chake, na kula chakula kilichopikwa nyumbani kwake.

Mgonjwa wa kwanza wa Profesa Barnard, Louis Washkansky, hakufika huko. Alipandikizwa moyo tarehe 3 Desemba 1967, na moyo wenyewe ukafanya kazi vizuri, ila siku ya 18 alifariki kwa homa ya mapafu.

Hapa sina budi kusema jambo moja kando. Sheria za ubaguzi wa rangi za nchi ile kwa wakati ule zilimhesabu Haupt kuwa chotara, na Blaiberg kuwa Mzungu. Hata wodi za hospitali ile zilitengwa kwa rangi. Kwa hiyo moyo wa Haupt uliweza kukaa mahali ambapo Haupt mwenyewe, angalipona, asingaliruhusiwa kukaa. Watu wengi waliliona jambo hilo wakati ule ule, nao wakalisema waziwazi.

Turudi kwa mgonjwa wetu. Ili kuelewa yaliyompata Washkansky, na kwa nini nyumba ya mgonjwa wa namna hii haiwezi kuendeshwa kama nyumba nyingine, yafaa tujue kwanza jinsi mwili unavyojilinda. Ndani ya damu yetu mna walinzi wasiolala. Kazi yao ni kukitambua kila kiingiacho mwilini na kukishambulia kisicho cha nyumbani, kiwe ni kijidudu cha kifua kikuu au mwiba wa kidoleni. Kwa walinzi hao, moyo wa kupandikizwa ni adui kama adui mwingine, kwa sababu hauna alama za mwili ule. Hawajui kwamba wakiushinda, na wao watakufa pamoja nao. Basi madaktari hawana njia ila kuwapunguza nguvu kwa dawa, kila siku, maisha yote. Dawa hizo zikipungua, moyo hushambuliwa. Zikizidi, lango hubaki wazi, na mafua ambayo mtu mwingine angeyamaliza kwa siku tatu huweza kumrudisha mgonjwa huyu hospitali. Lango la Washkansky lilikuwa wazi mno.

Katika mwaka huo wa 1968 hospitali za nchi mbalimbali zilipandikiza mioyo ipatayo 100, na wengi wa wagonjwa hao hawakumaliza mwaka. Hospitali nyingi zikaacha. Kilichowarudisha madaktari kwenye kazi hiyo ni dawa iitwayo siklosporini, iliyopatikana kutokana na ukungu wa udongo uliochukuliwa Norway, ikaidhinishwa kutumika Marekani mwaka 1983. Siku hizi hutumika zaidi takrolimasi pamoja na nyingine. Sasa, katika vituo vyenye uzoefu, zaidi ya wagonjwa 8 katika kila 10 huupita mwaka wa kwanza, na zaidi ya nusu huipita miaka 10. Bwana Bert Janssen wa Uholanzi, aliyepandikizwa moyo nchini Uingereza mwaka 1984 na Profesa Magdi Yacoub, mzaliwa wa Misri, aliandikwa mwaka 2023 katika kitabu cha rekodi cha Guinness kwa kuwa ameishi na moyo huo miaka 39.

Huenda msomaji akauliza: haya yatuhusu nini sisi wakaao katika kambi na laini za polisi? Ni kweli kwamba wachache sana miongoni mwetu watapata moyo mwingine. Lakini mtu aliyepandikizwa figo humeza dawa za aina ile ile na kuishi kwa masharti yanayokaribiana sana na haya. Na figo zinapandikizwa katika nchi zetu. Muhimbili, Dar es Salaam, ilianza kazi hiyo mwaka 2017, na Mulago, Kampala, ikafuata mwaka 2023. Wengine hupelekwa India kutibiwa, wakarudi na mfuko wa dawa na karatasi zilizojaa maneno ambayo hakuna mtu nyumbani awezaye kuyasoma. Mimi si daktari, ni mtumishi wa ofisi niliyepata kusomea ualimu. Ninachojaribu kufanya hapa ni kazi ya mwalimu tu: kuyaeleza kwa lugha ya nyumbani yale ambayo daktari huyasema kwa haraka mlangoni.

Jambo la kwanza ni saa. Dawa za kutuliza kinga humezwa mara mbili kwa siku, kila baada ya saa 12, kwa mfano saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Askari hahitaji kuelezwa maana ya saa. Anajua tofauti kati ya mtu aliyefika zamu kwa wakati na aliyefika alipopenda. Ndivyo ilivyo kwa dawa hizi. Kiasi chake katika damu kinapaswa kukaa ndani ya mpaka mwembamba, na ili kukipima, daktari huchukua damu kabla ya kidonge cha asubuhi kumezwa. Kwa hiyo siku ya kwenda kliniki, mke asimhimize mumewe kumeza dawa mapema ili wawahi basi. Kidonge kifungwe, kichukuliwe mfukoni, kimezwe baada ya damu kutolewa. Na ikitokea kwamba kidonge kimesahauliwa, asimeze viwili kwa pamoja ili kufidia. Aulize waganga wake.

Katika nyumba za watumishi wa serikali kuna hatari nyingine isiyoandikwa katika vitabu vya madaktari, nayo ni uhamisho. Amri huja Jumatatu, lori Alhamisi, na masanduku hufungwa usiku. Familia yenye mgonjwa wa namna hii iulize kwanza, kabla ya kufunga hata sufuria moja, kama dawa zile zapatikana huko iendako, na ni hospitali gani itakayopima damu. Dawa za mwezi mmoja ziwe mkononi wakati wote wa safari, si ndani ya sanduku lililo chini ya magunia.

Jambo la pili ni daftari. Kila asubuhi, baada ya kwenda haja na kabla ya chai, mgonjwa apime uzito, joto la mwili, shinikizo la damu na mapigo ya moyo, kisha yote yaandikwe. Mizani yafaa iwe ile ile, mahali pale pale. Kazi hii huweza kufanywa na mtoto wa darasa la tano au la sita, naye huifanya kwa fahari. Uzito ukiongezeka kilo moja kwa usiku mmoja, au kilo mbili kwa siku chache, huko si kunenepa. Yaelekea ni maji yanayojikusanya kwa sababu moyo unashindwa kuyasukuma. Miguu ikivimba, pumzi ikikatika mgonjwa anapolala chali, uchovu ukizidi bila sababu, au joto likifika 38, asingoje kliniki ya wiki ijayo. Wakati mwingine moyo huanza kushambuliwa bila dalili yoyote. Ndiyo sababu katika miezi ya mwanzo madaktari hupitisha mrija mwembamba katika mshipa wa shingoni mpaka ndani ya moyo, wakachukua vipande vidogo vya nyama yake ili kuvitazama. Mgonjwa asiyeelewa haya huona anateswa bure, na hasa siku anapojisikia mzima kabisa.

Sasa tufike kwenye jambo lililo gumu kuliko yote kwa watu wetu, nalo ni wageni.

Kwetu sisi, mtu akitoka hospitali, nyumba hujaa. Majirani huja na kuku, shemeji huja na watoto wanne, wazee wa ukoo husafiri usiku kucha ili wamshike mkono na kumwombea. Kutomjulia hali mgonjwa ni kosa ambalo huhesabiwa miaka mingi baadaye, siku ya harusi au ya matanga. Na mkamwana amzuiaye mama mkwe mlangoni atasemwa mpaka kaburini. Lakini huyu ni mgonjwa ambaye desturi hiyo njema yaweza kumwua. Miezi 3 ya kwanza ndipo dawa zinapokuwa nyingi zaidi na walinzi wa mwili wakawa dhaifu zaidi. Mtu mmoja mwenye mafua, mtoto mmoja mwenye surua au tetekuwanga, mzee mmoja mwenye kikohozi cha muda mrefu ambacho hakijapimwa, anatosha.

Haifai mzigo huu uachwe mabegani mwa mke peke yake. Neno la kuzuia wageni hutoka vizuri zaidi kinywani mwa mtu ambaye ukoo unamheshimu: kaka mkubwa wa mgonjwa, au baba mdogo, au kiongozi wa dini wa pale kambini. Yeye ndiye aende kwa wazee kabla mgonjwa hajatoka hospitali, awaeleze kwamba daktari ameagiza, na kwamba heshima yao itapokewa uani. Zuio lenyewe si lazima liwe kali. Wageni wawili walio wazima waweza kuketi nje, chini ya mwembe, mahali penye hewa, hatua mbili tatu kutoka kwa mgonjwa. Maji na sabuni viwe karibu na mlango, na kila mtu anawe kabla ya kuingia, hata mwenye nyumba. Barakoa, ambayo tangu mwaka 2020 haihitaji kuelezwa kwa mtu, bado ina kazi hapa. Kushikana mikono kuachwe kwa muda. Mzee atakayenung'unika apewe kiti kizuri na chai nzuri, na atarudi kwao akisema alipokewa.

Watoto wa nyumbani wana habari yao pia. Wapate chanjo zao zote, kwani mtoto aliyechanjwa ni ngao kwa baba yake. Lakini chanjo ya polio ya matone ina vijidudu hai vilivyodhoofishwa, navyo hutoka katika choo cha mtoto kwa wiki kadhaa. Mama amweleze mganga mapema kwamba nyumbani yupo mtu aliyepandikizwa moyo, ili ashauriwe. Mgonjwa mwenyewe asipewe chanjo yenye vijidudu hai hata kidogo.

Jikoni hakuna maajabu, ila uangalifu. Maji yachemshwe, maziwa yachemshwe, nyama iive mpaka ndani, yai lisiwe na ute unaotikisika. Kiporo asile. Matunda yaoshwe na kumenywa. Balungi na danzi, ambazo wengi huziona kuwa matunda ya afya, kwake ni marufuku, kwa kuwa zina kitu kinachozuia dawa isivunjwe mwilini, ikajaa katika damu kupita kiasi. Hali kadhalika miti shamba, iwe ya kuongeza nguvu au ya kusafisha damu, hata ikiletwa na bibi kwa mapenzi makubwa. Baadhi ya dawa za hospitali nazo huvuruga. Rifampisini itolewayo kwa wagonjwa wa kifua kikuu hushusha sana kiasi cha takrolimasi, na moyo ukabaki bila kinga ya dawa. Kwa hiyo dawa yoyote mpya, hata ya malaria, isimezwe kabla waganga wa moyo hawajaambiwa. Chandarua chenye dawa ni lazima. Na kuku wasilale chini ya uvungu wa kitanda wala mlangoni pake, kwa maana kinyesi cha ndege na vumbi lake hubeba ukungu unaoingia mapafuni. Najua kwamba katika laini nyingi hakuna nafasi nyingine ya kuku, basi wauzwe.

Mwili wenyewe una mambo yake mapya. Ili kuufikia moyo, mfupa wa kidari hukatwa kwa msumeno, kisha hushonwa kwa nyuzi za chuma, nao huchukua kama miezi 3 kuunga sawasawa. Katika muda huo asinyanyue ndoo ya maji, asimbebe mtoto, asisukume baiskeli mlimani, wala asiendeshe gari mpaka daktari amruhusu. Askari aliyezoea kupanda lori kwa kujivuta kwa mikono akumbuke kwamba mkono huvuta kidari. Anapotaka kukohoa, akumbatie mto kifuani.

Lakini linalowashangaza wengi ni mwendo wa moyo mpya. Daktari hushona mishipa ya damu, ila nyuzi za neva zilizokuwa zikileta amri kutoka kwenye ubongo hukatwa, na siku hiyo haziungwi. Moyo huo ni kama kikosi kilicho mbali ambacho waya wake wa simu umekatika: hufanya kazi yake, lakini maagizo hulazimika kuletwa na tarishi kwa miguu. Tarishi huyo ni kemikali iitwayo adrenalini, isafirishwayo na damu. Kwa sababu hiyo moyo hupiga haraka hata mtu akiwa amelala, mara 90 mpaka 110 kwa dakika, tofauti na 60 mpaka 80 ya wengi wetu. Akianza kutembea, hauongezi mwendo mara moja, huchelewa dakika kadhaa. Akisimama, hauteremki upesi. Akiinuka ghafla kitandani huona kizunguzungu. Dawa yake ni subira: aketi kwanza ukingoni mwa kitanda, aanze mazoezi polepole, amalize polepole. Matembezi ya kila siku ni lazima, kwanza mpaka uani, kisha mpaka lango la kambi, kisha mbele zaidi. Kwa watu wengine neva huota upya kidogo baada ya miaka.

Kukatika kwa neva kuna upande wa hatari. Moyo huo ukikosa damu, mara nyingi hautoi maumivu ya kifua yanayowaonya watu wengine. Jambo hili lilionekana umuhimu wake kwa Blaiberg mwenyewe. Miezi michache baada ya kurudi nyumbani alirudishwa hospitali akiwa mahututi kwa ugonjwa wa mapafu na ini, akapona, akatoka tena, akapigwa picha akiwa ndani ya maji ya bahari. Alifariki tarehe 17 Agosti 1969, miezi 19 na nusu baada ya upasuaji. Madaktari walipoupasua ule moyo wa kijana wa miaka 24, waliikuta mishipa yake imeziba kama ya mzee. Siku hizi mishipa hiyo hukaguliwa kwa vyombo mara kwa mara hata kama mgonjwa hana lalamiko lolote, na kwa mtu huyu sigara ni kujiua.

Kuna jambo ambalo wake wa wagonjwa hulisema kwa sauti ya chini. Mume aliyerudi si yule aliyeondoka. Dawa ya prednisoloni, ambayo hutolewa kwa wingi mwanzoni, huvimbisha uso ukawa wa mviringo, huleta njaa isiyoshiba, hupandisha sukari, hufukuza usingizi, na zaidi ya yote hubadili hasira. Mtu mpole hugombana juu ya kikombe cha chai saa 8 za usiku, asubuhi hulia. Mke asidhani amechukiwa, na mume asidhani amerukwa na akili. Waganga huipunguza dawa hiyo hatua kwa hatua, na mengi ya mambo haya hupungua pamoja nayo. Kuhusu unyumba, hakuna katazo la kudumu. Kidari kikishaunga na mtu akiweza kupanda ngazi bila kuhema, mara nyingi huruhusiwa. Mwanamke aliyepandikizwa moyo asishike mimba bila kuzungumza kwanza na madaktari wake, kwa kuwa mojawapo ya dawa hizo huharibu mtoto tumboni.

Tena kuna fikra ambazo mgonjwa hamwambii mtu. Huota ndoto za mtu asiyemjua. Hujiuliza kama mwenyewe angalikuwa hai laiti yeye asingaliomba moyo, ingawa alikwisha fariki kabla ya daktari kugusa kifua chake. Huogopa kufurahi siku ambayo nyumba nyingine inafanya kumbukumbu ya mazishi. Si vema kumnyamazisha kwa kumwambia amshukuru Mungu tu. Aachwe aseme.

Katika nchi nyingi jina la aliyetoa moyo halitajwi kwa aliyeupokea. Lakini hospitali huruhusu barua, isiyo na jina wala anwani, ambayo huipitisha kwa familia ya marehemu kama familia itakubali kuipokea. Wengi huichukua kalamu wakaiweka chini miezi mingi, kwa kutojua waanzeje. Wapo waandikao kurasa nne, na wapo waandikao mistari mitatu: kwamba sasa wanaweza kutembea mpaka sokoni, na kwamba mtoto wao ameanza shule. Familia nyingine hujibu, nyingine hazijibu.